Namna ya Kuomba Ruzuku ya Diplomasia ya Utamaduni kwa Ajili ya Haki na Uchumi wa Wanawake: Mwongozo kwa Vikundi vya Mwambao

Diplomasia ya utamaduni ni kazi ambayo serikali na taasisi za nchi moja huifanya ili kujenga maelewano na watu wa nchi nyingine kwa njia ya sanaa, lugha, ufundi na urithi. Fedha za kazi hiyo hupitia ofisi za utamaduni za balozi, taasisi za lugha na sanaa kama Alliance Française, Goethe-Institut na British Council, mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNESCO, na mifuko ya kikanda. Kikundi cha wanawake wanaoshona kofia Unguja, wanaosuka ukili Pemba au wanaopiga taarab Tanga na Mombasa kinastahili kabisa kuziomba. Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi wa vikundi hivyo, hasa wale ambao wamewahi kupeleka andiko lao la kuomba fedha mahali wakajibiwa kwamba wazo ni zuri lakini halikuchaguliwa.

Kabla ya kuandika neno lolote, ni vyema kuelewa mfadhili wa aina hii ananunua nini. Mfadhili wa afya hutaka kuona wagonjwa wamepungua, na mfadhili wa maji hutaka kuona kisima kinatoa maji. Mfadhili wa diplomasia ya utamaduni hutaka kuona watu wa pande mbili wamekutana, wamejifunza, na wamebaki na uhusiano baada ya mradi kwisha. Andiko linaloomba cherehani 10 na mtaji wa biashara peke yake litaonekana kuwa limekosea mlango, hata kama shida ya cherehani ni ya kweli. Kwa upande mwingine, andiko linaloomba onyesho moja la ngoma mbele ya wageni waalikwa huenda likapata fedha, lakini wanawake watarudi nyumbani na nauli na fulana. Kazi ya mwandishi wa andiko ni kuhakikisha kwamba makutano ya tamaduni ndiyo yanayoleta kipato, na kwamba kipato hicho kinamilikiwa na wanawake wenyewe. Maombi mengi huanguka hapo, kwa sababu tamaduni huwekwa katika ukurasa wa kwanza, haki katika ukurasa wa pili, na uchumi katika ukurasa wa tatu, bila ya kuonyesha jinsi kimoja kinavyozaa kingine.

Wanawake wa mwambao hawaanzi safari hii leo. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na santuri zake zikasikilizwa Afrika Mashariki nzima. Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 baada ya kuzunguka majukwaa ya Ulaya, Ghuba na Japani akiwa mtu mzima sana. Zanzibar pia ina kundi la Tausi, lililoasisiwa na Bi Mariam Hamdani, ambalo wapigaji wake wa ala ni wanawake, jambo ambalo katika taarab ya zamani lilikuwa nadra kwa kuwa wanawake waliachiwa uimbaji. Historia hii itajwe katika andiko kwa sentensi mbili tatu, kwa kuwa inamwonyesha mfadhili kwamba anaombwa kuunga mkono kazi yenye mizizi.

Anzeni na kazi ya mikono, halafu andiko

Chukueni bidhaa moja au onyesho moja na mlifuate tangu mwanzo hadi fedha inapoishia. Tuchukue kofia ya viua inayoshonwa kwa mkono. Mshonaji huanza na kitambaa cheupe kilichochorwa ruwaza, hutoboa vitundu vidogo kimoja kimoja, na kila kitundu hukizungushia uzi hadi mdomo wake ukaze. Sehemu ya duara ya juu hushonwa peke yake na ukanda wa pembeni peke yake, kisha vikaunganishwa. Kazi hufanyika baraza la nyuma au chumbani, baada ya kupika na kabla ya watoto kurudi kutoka chuo cha Kurani, kwa hiyo hakuna anayeihesabu saa zake. Kofia ya aina hiyo ina undugu wa wazi na kumma inayovaliwa Oman na kofia zinazovaliwa Komoro, na kwa sababu hiyo ni bidhaa inayofaa sana kwa diplomasia ya utamaduni: inaunganisha pande tatu za bahari bila ya mtu kulazimika kubuni uhusiano.

Sasa kaeni na kila mshonaji, kwa heshima na kwa faragha, mwulizeni: «Bibi, kofia hii umeishona kwa muda gani? Kitambaa umekinunua mwenyewe au umeletewa? Umemwuzia nani, na fedha ulipokea mwenyewe au ilipokewa na mtu mwingine?» Yaandikeni majibu. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, kwamba kofia inauzwa dukani kwa shilingi 60,000, mshonaji amelipwa 25,000, na kitambaa na uzi vimemgharimu 6,000. Amebaki na 19,000. Ikiwa ameshona kwa siku 40, saa 2 kila siku, amefanya kazi saa 80, na kila saa imemlipa chini ya shilingi 240. Hesabu hiyo moja ina nguvu kuliko kurasa tano za maelezo kuhusu hali duni ya mwanamke, kwa sababu inaonyesha tatizo, inaonyesha mahali thamani inapopotelea, na inampa mfadhili kipimo atakachokitumia mwisho wa mradi. Mkiahidi kwamba baada ya miezi 18 mshonaji atakuwa akipokea 45,000 kwa kofia ileile kwa sababu kikundi kinauza moja kwa moja, mmeahidi jambo linaloweza kukaguliwa.

Vikundi vya taarab na ngoma vifanye vivyo hivyo kwa onyesho. Nani anaalikwa, nani anapanga bei, nani anapokea malipo, mpiga zumari analipwa kiasi gani na mwimbaji kiasi gani, na usiku wanarudi nyumbani kwa usafiri wa nani? Maswali haya huonekana madogo, lakini ndiyo yanayotenganisha mradi wa haki za wanawake na mradi unaowaweka wanawake jukwaani tu.

Haki zitajwe kwa majina yake

Andiko lisiseme «kuwawezesha wanawake» kisha likanyamaza. Mkataba wa Nyongeza wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kuhusu Haki za Wanawake, unaojulikana zaidi kama Itifaki ya Maputo, ulipitishwa tarehe 11 Julai 2003. Tanzania iliuridhia mwaka 2007 na Kenya mwaka 2010. Ibara yake ya 17 inampa mwanamke haki ya kuishi katika mazingira mazuri ya kiutamaduni na kushiriki katika ngazi zote kuamua sera za utamaduni, na ibara ya 13 inahusu haki zake za kiuchumi na za ustawi. Ni nadra kuona andiko la kikundi cha sanaa likizitaja ibara hizo, ilhali zinabeba kiini cha ombi lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake nao, katika ibara ya 13, unatambua haki ya kushiriki katika nyanja zote za maisha ya utamaduni.

Kutaja ibara hakutoshi. Kila haki igeuzwe kuwa uamuzi ndani ya mradi. Haki ya kushiriki kuamua ina maana kwamba wanawake ndio watia saini wa akaunti ya benki, na kwamba msimamizi wa mradi, hata akiwa ni kijana msomi aliyeandika andiko lenyewe, hawezi kubadilisha bajeti bila ya kikao chenye muhtasari. Haki ya kunufaika na ubunifu ina maana kwamba nyimbo, ruwaza na picha zitaandikishwa kwa jina la kikundi au la mbunifu katika ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, au bodi ya hakimiliki kwa Kenya, kabla ya ubalozi au mshirika wa nje kuzichapisha. Haki ya usalama ina maana kwamba kikundi kina sera fupi iliyoandikwa ya kukataza unyanyasaji na rushwa ya ngono, na kwamba mwanachama anamjua mtu wa kumlalamikia ambaye si mwenyekiti. Wafadhili wengi sasa huitaka sera hiyo kama kiambatisho cha lazima, lakini hata wasingeitaka, katika sanaa, ambako nafasi ya kusafiri iko mikononi mwa watu wachache, mwanamke asiachwe bila ya kinga.

Naongeza jambo moja ambalo waandishi wa maandiko hulikwepa kwa kuona haya. Mradi utakaompeleka mwanamke nje ya nchi au utakaomrudisha nyumbani usiku utazungumzwa ndani ya familia yake, na wengine watakataa. Panga mkutano wa familia na wazee wa mtaa mapema, uuweke katika mpango kazi, na uuwekee fedha ya maji na chai. Mfadhili mwenye uzoefu ataona kwamba mnawajua watu wenu.

Mlango upi wa kubisha

Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Tamaduni wa UNESCO ulianzishwa chini ya Mkataba wa 2005 wa kulinda na kukuza uanuwai wa kujieleza kiutamaduni. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2011, hivyo asasi za nchi zote mbili zinastahili kuomba. Kiwango cha juu ni dola 100,000 za Marekani, na maombi hupita kwanza katika Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi husika, ambayo huchuja kabla ya jopo la wataalamu kutathmini. Mfuko huu haulipi madeni wala hauzibi pengo la hesabu. Kwa kikundi kipya ni mlango mzito. Ni bora kuingia kama mshirika wa asasi kubwa, lakini kwa hati ya makubaliano inayotaja kiasi cha fedha kitakachofika kikundini.

Mfuko wa Kanada wa miradi ya wenyeji, unaosimamiwa na balozi zake, hutoa hadi dola 100,000 za Kanada kwa mradi ingawa ruzuku zake nyingi ni ndogo kuliko hizo, na usawa wa kijinsia ni miongoni mwa mambo unayoyapa uzito. Miradi yake ni ya muda mfupi, hivyo haufai kwa wazo linalohitaji miaka miwili kukomaa. Mfuko wa Ulinzi wa Utamaduni wa British Council, ulioanza mwaka 2016, unahusu urithi ulio hatarini, na ufundi wa mikono unaokaribia kupotea unaweza kuingia humo. Kwa upande wa Afrika yenyewe, Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2000 na wenye makao yake Accra, hutoa ruzuku kwa asasi zinazoongozwa na wanawake. Tanzania ina Mfuko wa Wanawake Tanzania. Na Nairobi kuna HEVA, inayoshughulika na fedha za biashara za ubunifu. Mifuko hii ya Kiafrika haifanyi diplomasia kwa niaba ya serikali yoyote, lakini inaielewa lugha ya haki bila ya kuhitaji maelezo marefu, na ruzuku ndogo kutoka huko hujenga rekodi inayofungua milango ya balozi.

Ofisi za Marekani huzitaka asasi zijiandikishe katika SAM, mfumo wa serikali yao wa kusajili waombaji wa fedha, na kupata namba ya utambulisho. Usajili huo ni bure na huhuishwa kila mwaka. Mtu yeyote anayedai ada ili akusaidie kuupata anafanya biashara yake mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha na kufuta sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na miradi ya jinsia iliathirika sana, hivyo someni tangazo la sasa na msitegemee andiko la miaka iliyopita.

Andiko na bajeti yake

Mara nyingi huanza dokezo la kurasa mbili au tatu, na likikubaliwa ndipo huombwa andiko kamili. Liandikeni kwanza kwa Kiswahili, lisomeni mbele ya wanachama wote, wabishane nalo, halafu ndipo litafsiriwe katika lugha ya mfadhili. Andiko lililozaliwa katika lugha ambayo wenye kazi hawaisomi hujaa maneno ambayo hakuna atakayeyatekeleza, na mgeni kutoka ubalozini akija kutembelea na kumwuliza mshonaji mradi unahusu nini, jibu litamsaliti mwenye kikundi.

Katika dokezo, sentensi ya kwanza iseme nani atafanya nini, wapi, kwa muda gani na kwa fedha kiasi gani. Kisha elezeni makutano ya tamaduni kwa vitendo. Kwa kofia, makutano hayo yanaweza kuwa washonaji wa Unguja kukaa wiki mbili pamoja na washonaji wa Muscat, wakilinganisha ruwaza na bei, kisha kuandaa maonyesho ya pamoja yenye duka. Mwenye duka awe ni kikundi, na kila kofia iwe na kadi yenye jina la aliyeishona, akiridhia. Hapo uhusiano wa nchi mbili, kipato na kutambuliwa kwa mwanamke vimekuwa jambo moja.

Bajeti ndiyo sehemu inayosomwa kwa makini kuliko zote. Kila mstari uwe na idadi, bei ya kimoja na jumla: posho ya mkufunzi kwa siku, nauli ya boti kwa mtu, mita za kitambaa. Malipo ya wanawake kwa muda wao yawekwe wazi kama ujira, yasifichwe ndani ya «gharama za mafunzo», kwa sababu kumwomba mwanamke atoe siku 10 bila ya malipo ili afundishwe kujikomboa kiuchumi ni kumnyima kile kile kinachozungumzwa. Wekeni fedha ya msaidizi wa watoto wadogo, usafiri wa usiku, na mkalimani. Kama kuna safari, ada za pasipoti, viza na bima ziingizwe, na mwombeni mwenyeji wa nje atoe barua ya mwaliko inayobeba dhamana ya gharama, kwa kuwa wanawake wengi wa vikundi hawana taarifa za benki za miezi sita na huko ndiko viza hukataliwa. Thamani ya ukumbi wa skuli mliopewa bure, cherehani zenu na muda wa viongozi huhesabiwa kama mchango wa kikundi usio wa fedha taslimu. Uandikwe kwa bei ya kweli ya soko, pamoja na barua ya aliyetoa ukumbi. Acheni nafasi ya kubadilika kwa thamani ya fedha, kwa sababu ruzuku ya euro au dola inaweza kufika ikiwa na shilingi pungufu kuliko mlivyokadiria.

Mkopo usichanganywe na ruzuku. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri za Tanzania Bara, ambayo asilimia 4 yake ni ya wanawake, haina riba lakini lazima irejeshwe, na Kenya ina Mfuko wa Biashara wa Wanawake ulioanzishwa mwaka 2007. Mnaweza kutumia ruzuku kwa mafunzo, ruwaza na masoko, na mkopo kwa kitambaa na akiba ya bidhaa, mradi hesabu zake zikae katika vitabu tofauti.

Karatasi, na baada ya fedha kuingia

Nyaraka zinazotakiwa kila mahali ni cheti cha usajili, katiba ya kikundi, majina ya viongozi, mihtasari ya vikao, taarifa ya benki na hesabu za mwaka uliopita. Kwa Tanzania Bara asasi zisizo za kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, na vikundi vidogo huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii. Zanzibar ina sheria na msajili wake. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 na Sheria ya Asasi za Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2024. Kwa asasi za Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Mshirikisheni afisa wenu siku mkataba unapotiwa saini, msisubiri aulize.

Fedha ikiingia, fungueni akaunti ya mradi peke yake, na kila malipo yaambatane na risiti au orodha ya waliopokea yenye saini au dole gumba. Ripoti ya kwanza ipelekwe kabla ya kuombwa. Shughuli ikikwama, kwa mfano viza zikikataliwa, mwandikieni mfadhili wiki hiyo hiyo na mpendekeze mbadala. Karibu kila mfadhili hukubali mabadiliko yaliyoombwa mapema na hukataa yale yaliyogunduliwa na mkaguzi. Pimeni tena zile shilingi kwa saa kwa washonaji walewale mliowauliza mwanzo, na msiwaondoe waliopata kidogo.

Anzeni kutafuta mfadhili wa pili mradi wa kwanza ukiwa katikati, si mwishoni. Tamasha la muziki la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na linalojulikana duniani, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarejea mwaka 2017. Ikiwa tamasha la ukubwa huo liliweza kukwama, kikundi cha wanawake 25 kinahitaji mfuko wake wenyewe: tengeni sehemu ya kila mauzo, hata iwe shilingi 2,000 kwa kofia, iingie katika akiba ambayo haigusiki bila ya saini tatu, na mfadhili aonyeshwe kitabu cha akiba hiyo siku anapokuja kutembelea.